Friji ya Mmishonari na Tangi la Kina Mama

Friji ile Kasyoka hakuiomba. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wa Matiliku walisema mengi, na midomo ya watu haina kufuli. Mmishonari mmoja Mmarekani alikuwa anarudi kwao kabisa, akagawa vitu vyake, na Kiilu, mume wa Kasyoka na mzee wa kanisa, akapata friji. Nayo haikuwa friji ya kawaida, wee! Milango miwili, ndefu kumpita Kiilu mwenyewe, na ndani yake kulikuwa na kidude kinachotengeneza barafu chenyewe, bila mtu kujaza maji kwenye trei. Kwa nyuma ilitoa kipaipu chembamba kama mrija wa soda, kikingoja kuunganishwa na maji.

Maji gani sasa, jamani? Ilikuwa Septemba, mwaka wa tisini na sita. Mvua ya Aprili ilikuwa imelowesha vumbi tu ikaenda zake, na bomba la sokoni lilikuwa linakohoa hewa. Maji yaliyobaki karibu yalikuwa ya tangi la mwethya, yaani kile kikundi cha kina mama wa pale waliosaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho mtaro wa yule. Mchanga wa tangi lile waliubeba kwa migongo yao kutoka mtoni, kokoto wakazivunja kwa nyundo wakiwa na watoto mgongoni. Likasimama nyuma ya kanisa, juu kidogo ya nyumba ya Kiilu, likikinga maji ya paa la kanisa.

Bomba la tangi lilikaa ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo wakampa Kasyoka. Si kwa sababu ya mumewe. Walimpa kwa kuwa alikaa karibu na hakuwa mtu wa maneno mengi. Wakati wa kiangazi alifungua kila asubuhi, kila mama akachota mtungi mmoja, basi. Yeye mwenyewe alipanga foleni na mtungi wake kama wengine. Ufunguo aliuvaa shingoni, na ukimuuliza ni kitu gani maishani mwake aliwahi kupewa kwa sababu ya yeye mwenyewe, si kama mke wa fulani wala mama wa fulani, angekuonyesha huo.

Siku ya kuunganisha friji, Kiilu aliwaalika wazee wenzake waje kushuhudia. Wakaketi sebuleni wakinywa chai. Fundi Mutiso, aliyetandika paipu za nusu ya nyumba za sokoni, akazunguka friji akiipiga piga mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama Ndeti," Kiilu akaita, "lete ufunguo wa tangi."

Kasyoka akasimama mlangoni. "Baba Ndeti, yale maji ni ya kikundi."

"Si ni barafu tu! Glasi moja ya maji, mbili. Kwani friji itakunywa tangi zima?"

Wazee wakacheka. Hebu nikuulize wewe unayesema angekataa: angekataa vipi, mbele ya wazee wa kanisa, na mume ameshanyoosha mkono? Ni rahisi kuwa jasiri ukiwa umekaa mbali. Kasyoka alivua ufunguo. Moyo ulimuuma kama mtu anayevuliwa nguo hadharani, na bado akauweka mkononi mwa mumewe kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mutiso alifungua kisanduku, akakata paipu kabla ya bomba, akaweka kiungo cha njia tatu ili maji yapite hata bomba likifungwa, akachimbia mpira chini ya ua hadi jikoni. Pale mpira mnene ulipokutana na kile kipaipu chembamba cha friji havikupatana, akavifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, akakaza kwa waya. Na nisisikie mtu akisema palivuja hapo! Hapo hapakutoka hata tone.

"Fundi," Kasyoka akamwuliza polepole, wazee wasisikie, "ikishajaa, inajuaje kufunga maji?"

"Mama, hii ni ya Amerika. Inajua."

"Basi niwekee koki hapa, niwe naifunga mwenyewe."

"Koki sina leo. Nitaleta wiki ijayo."

Jioni friji ikanguruma, ikatulia, halafu ndani yake kitu kikaanguka, kwaru! Barafu. Kiilu aliipakua kwa kiganja akawatilia wazee kwenye vikombe, wakanywa huku wameshika mataya kwa meno kufa ganzi, wakasifu. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Kasyoka naye alitabasamu, maana muda mrefu ulikuwa umepita hajamwona mumewe na furaha ile.

Wiki hiyo haikuisha. Habari ikaja kutoka Mbooni kwamba baba mdogo wa Kiilu amefariki. Kasyoka, aliyekuwa amerudishiwa ufunguo, akampa Muthoki, rafiki yake wa tangu usichana, ili kina mama wasikose maji, akafunga nyumba, wakapanda milima kwenda kuzika. Matanga yakachukua siku zake. Huko Mbooni kulikuwa na baridi na ukungu, lakini kila alipolala alikuwa anasikia maji yakitiririka, na kila alipomwambia mumewe, Kiilu alisema, "Mama Ndeti, wacha wasiwasi, tuko kwenye msiba."

Waliporudi, aliona kutoka barabarani. Mbuzi wa jirani walikuwa wamejazana mbele ya mlango wake wa jikoni, wanalamba ardhi. Kina mama wa mwethya walikuwa wamesimama kando yao na mitungi mitupu.

Alifungua mlango. Friji ilikuwa imeachama. Barafu ilikuwa imejaa humo hadi ikasukuma mlango, na maji yalikuwa yametambaa sakafuni, yakapita chini ya mlango, yakaingia kwenye vumbi la ua. Sasa hayakutoka tena. Hayakutoka kwa sababu tangi lilikuwa limekwisha.

Kiilu akatuma mtu amwite Mutiso. Mutiso akaja, akachungulia nyuma ya friji, akajikuna kichwa. "Ahaa. Hii valve, hiki kifungio cha maji, inafungwa na nguvu ya maji yenyewe. Kule kwa mzungu kulikuwa na pampu. Maji ya tangi hayana nguvu, kwa hivyo haikufunga vizuri. Imekuwa ikiachilia pole pole tu, usiku na mchana."

"Sasa mimi ningejuaje?" Kiilu akasema. Akaingia sebuleni, akaketi, akafunga mlango.

Kasyoka akabaki na wanawake. Alitaka wamtukane. Alitaka hata mmoja ampige kofi, amwite mwizi, alie pamoja naye. Akamwendea Ndululu, mkongwe wao, aliyebeba mchanga wa tangi lile wakati magoti yake yameshaanza kukataa.

"Mwaitu, mama yangu, nisemeni. Nimekosa. Mimi ndiye niliyetoa ufunguo."

"Pole kwa msiba, Kasyoka," Ndululu akamjibu kwa upole. "Mlizika salama?"

"Mwaitu, maji..."

"Kifo ni kitu kibaya. Poleni sana."

Na wengine mmoja mmoja wakamshika mkono, pole, pole, kisha wakainua mitungi yao wakaelekea mtoni. Kasyoka akaingia ndani, akachukua mtungi wake na kamba ya kubebea, akawafuata mbio. Njia nzima waliongea juu ya kunde na viwavi, na alipochangia neno walimsikiliza mpaka amalize, ndipo wakaendelea. Mbona walikuwa wanamsikiliza? Zamani wangemkatiza, wangemcheka, wangemwambia nyamaza we.

Mtoni mchanga ulikuwa mweupe na mkavu. Walichimba kwa zamu, shimo likafika kina cha mtu, maji yakaanza kukusanyika chini taratibu. Kasyoka akapandisha leso yake kiunoni, akashuka aingie shimoni. Muthoki akamshika bega.

"Wacha, mama. Kaa pale kivulini upumzike."

Muthoki hakuwahi kumwita mama. Walikuwa wakiitana kwa majina ya utani, mengine hayasemeki mbele ya watoto.

"Muthoki, ni zamu yangu."

"Mgeni hachoti. Sisi tutakuchotea."

Wakamjazia yeye kwanza, kata baada ya kata, mpaka mdomoni. Muthoki akaupangusa mtungi mchanga kwa leso yake, wakamtwika wakiwa wawili, wakamkazia kamba vizuri kwenye paji la uso isimuumize. Kasyoka hakuweza kuinua kichwa, na machozi yalianguka moja kwa moja kwenye mchanga.

"Haya, nenda salama," Ndululu akamwambia. "Na utusalimie watu wa kwenu."