Mafuta ya Karafuu Ndani ya Pipa

Mwaka ule wa 2004, mahindi yenye kuvu yalipoua watu Ukambani, mjane Nzembi wa Kola hakuogopa kuvu. Alimwogopa mkaza mwanawe, Syombua.

Alimwona kwa macho yake. Syombua alianika mahindi hadi yakalia kama kokoto, akayajaza kwenye pipa, kisha akadondoshea kitambaa mafuta fulani na kukifungia humo humo.

"Nini hiyo?"

"Mafuta ya karafuu, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. " Qaali, yule mama Msomali anauza viungo mjini, anasema kuvu haiwezani nayo."

Dawa ya jino kwenye chakula! Kikulacho ki nguoni mwako, Nzembi akawaza. Hakuwa mtoto wa jana, na harufu ile nzuri ilimtia shaka zaidi kuliko uvundo.

Akachukua gunia lake la mahindi, ambayo hayakuwa yamekauka sawasawa, akalisukuma chini ya kitanda kwenye sakafu ya udongo, maana njaa ilikuwa imewafundisha wezi kuingia ghalani. Yeye na meno yake machache alikunywa uji wa wimbi. Mahindi ya gunia yalikuwa ya mjukuu wake, Kasyoka, aliyempenda kama roho yake. Alimpikia mtoto kila Syombua alipokwenda shambani, akifurahi kwamba angalau mtoto ameepuka hila za mamake.

Kisha Kasyoka akaanza kukataa chakula. Tumbo likavimba, macho yakawa manjano.

Hospitalini Machakos daktari akauliza mtoto anakula nini.

"Uliza huyu!" Nzembi akamnyooshea Syombua kidole. "Anaweka mafuta kwa mahindi. Anataka kutumaliza!"

Syombua alikuwa akilia, lakini hakupandisha sauti. "Daktari, hiyo ya pipa mimi na bwanangu tunakula kila siku. Tuko sawa. Ni mtoto peke yake anaumwa." Akamgeukia mama mkwe. "Mwaitu, kuna ingine anakula?"

Nzembi angeweza kunyamaza. Lakini Kasyoka aliguna pale kitandani, na mguno ule ukamshinda.

"Nampikia ya kwangu," akasema. "Iko na vumbi ya kijani, lakini mimi huipeta vizuri."

Syombua akashika ukuta.

"Mara ya mwisho amekula lini?" daktari akauliza.

"Leo asubuhi," Nzembi akajibu. "Alikuwa hataki. Nilimlazimisha."