Ghala la Ukuta Mmoja

Loisi alianza kupika kwa jirani mwezi wa nane, na watu wa mji wake wa Mpemba, karibu na mpaka, wakadhani kaishiwa mkaa. Mkaa alikuwa nao. Alichokosa ni ujasiri wa kuwasha kiberiti nyumbani kwake.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na ghala alilolijenga marehemu mumewe, Osea, kwa ajili ya mahindi. Ghala na jiko viliegemea ukuta mmoja. Osea alipofariki, Loisi alimpangisha Gibson, mwanakwaya mwenzake, aliyesema atahifadhi mahindi akisubiri wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka. Hawakuandikiana chochote. Mtu mnayeimba naye kila Jumapili, utamwekaje mbele ya wakili?

Msimu wa kwanza ulipita salama. Wa pili, mahindi yalitoka na hayakurudi. Mlango ukafungwa kufuli jipya, na vijana asiowajua wakawa wanaingia na kutoka na pikipiki bila salamu. Kisha ikaja harufu. Kwanza Loisi aliisingizia malori ya barabarani, lakini hata barabara ilipokuwa tupu harufu ilibaki palepale, ikipenya ukutani hadi kwenye unga na nguo. Ilikuwa petroli.

Akampigia Gibson. Gibson akamwambia ni pampu ya shambani inavuja kidogo, ataiondoa. Haikuondolewa. Baada ya hapo simu yake ikawa inaita bila kupokelewa.

Loisi hakutulia tena. Alikaa, akasimama, akazunguka ghala, akapapasa ukuta kama mtu anayepima homa ya mtoto. Pikipiki ikiunguruma, anatoka mbio uani. Mwishowe akabeba sufuria zake hadi kwa Nesta, jirani, na wajukuu akawahamishia hukohuko. Binti yake, Erica, akachoka kumwona akihangaika.

"Mama, ghala ni lako. Tumwite fundi akate hilo kufuli leo."

Fundi aliitwa, akaja na msumeno wake wa umeme. Loisi akautazama, akawaza cheche. Akamrudisha fundi, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Ezron.

Mzee Ezron alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia jambo ambalo hakulitarajia.

"Afadhali hukukata. Ghala ni lako, lakini vilivyomo si vyako. Ungevunja, kesho Gibson angedai ameibiwa, na mkosaji ungekuwa wewe."

Wakaenda pamoja kwa watu wa Zimamoto. Askari wawili walifika mchana, wakawaondoa majirani, wakamsubiri mwenye ufunguo aje kuchukua mzigo. Hakuwa Gibson. Alikuwa kijana aitwaye Lucky, naye alishangaa kusikia kwamba ghala lina mwenyewe mwingine. Yeye alipangishwa na Gibson, tena aliambiwa ni mali ya Gibson. Mlango ulipofunguliwa, madumu ya petroli yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, yote yakiegemea ukuta wa jiko. Loisi akaketi chini palepale uani. Askari waliyaondoa yote, wakaondoka na Lucky.

Jioni Gibson alikuja, uso umemvimba kwa uchungu.

"Dada Loisi, ungenipigia tu. Tungeyamaliza wenyewe."

"Nilikupigia, kaka," Loisi akasema.

Gibson akageuka, akaondoka. Aliitwa polisi kutoa maelezo, akalirudisha ghala, na tangu hapo akahamia upande wa pili wa kwaya. Wapo waumini waliomlaumu Loisi kwa kumpeleka ndugu serikalini. Hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Ghala lilikaa wazi miezi kadhaa, likipigwa upepo, na kila aliyekuja kuliulizia, Loisi alimtilia shaka.

Ndipo akaja Fortunata, mwanamke wa mji wa Vwawa mwenye kukodisha viti na maturubai ya harusi. Safari hii Loisi alitangulia kwa wakili. Mkataba ukaeleza kitakachohifadhiwa, ukakataza kumpangisha mtu mwingine, ukampa Loisi haki ya kuingia kukagua.

Fortunata aliusoma polepole, akainua macho.

"Mama, kuingia uingie. Ila uniambie kabla, nami niwepo. Viti vyangu navyo vina mwenyewe."

Loisi alihisi kama kapigwa kibao. Alitaka kusema kwamba yeye si mwizi. Kisha akakumbuka maneno ya mzee Ezron, akamwambia wakili aongeze kifungu hicho. Wakatia sahihi wote wawili, kila mmoja akachukua nakala yake.

Siku ya kuhamia, Fortunata alikuja na gari limejaa viti vya plastiki. Loisi akafunga kanga kiunoni, akaanza kumpokelea.