Shingo ya Arupe

Arupe hakulia alipoambiwa kwamba shingo yake itapasuliwa. Alilia alipouona mkasi. Muuguzi wa Eldoret alikuwa mpole. Alimweleza taratibu kwamba mgonjwa haingii chumba cha upasuaji na shanga. Arupe alizishika kwa mkono mmoja uliokuwa umebaki na nguvu, akazing'ang'ania. Zilikuwa nyingi, zimepandana kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, na tangu Losike alipomuoa hakuwahi kuzivua, si kwa kulala, si kwa kuoga, si kwa kujifungua. Kwao mke huvua shanga mume akifa. Na Losike alikuwa hai, yuko malishoni upande wa Kaikor na mbuzi wake, mahali ambapo simu haishiki.

Aliyemaliza ubishi ni mama mkwe wake, Nakwawi, aliyekuja naye kutoka Kakuma. Nakwawi alikuwa mjane wa miaka mingi, shingo yake mwenyewe tupu.

"Kata," alimwambia muuguzi. Akatandaza kitenge chini ya kichwa cha mgonjwa ili isipotee hata punje moja.

Arupe aliumia kwenye ukingo wa mto Tarach, baada ya zile mvua za mwisho wa 2012. Alikuwa akipeleka kuni kwenye kambi ya wakimbizi, mzigo kichwani, kwa Agot, mama wa Sudani Kusini mwenye kibanda cha chai karibu na mto. Ukingo ulikuwa umelainika, ukakatika, naye akaporomoka kichwa kikitangulia na kuni zikamfuata. Watu walikimbia kumwinua kwa kumshika makwapa, kama mtu yeyote mwenye huruma anavyofanya. Agot akawakinga kwa mikono miwili kama anayefukuza kuku. Alipokuwa msichana, wakati wa vita, alimwona kaka yake akiinuliwa hivyo hivyo baada ya kuanguka kutoka kwenye lori, na kaka yake hakutembea tena. Akawaamuru wang'oe mlango wa kibanda chake. Wakamsogeza Arupe juu yake mwili mzima kwa pamoja, kichwa kikabanwa na vifuko viwili vya unga kisigeuke, wakambeba mpaka hospitali ya kambi. Kwa muda mrefu baadaye kibanda cha Agot kilifungwa kwa gunia, na yeye hakulitaja jambo hilo hata mara moja.

Kutoka kambini alipelekwa Lodwar, na kutoka Lodwar akapelekwa Eldoret, huko ambako wazee wa kwao bado wanakuita Kenya, kana kwamba ukivuka mji wa Kainuk umetoka nchi moja kuingia nyingine. Daktari wa huko alimwonyesha Nakwawi picha ya eksirei. Mfupa mmoja wa shingo ulikuwa umeteleza mbele ya mwenzake na kubana mishipa ya fahamu inayopita ndani, ndiyo maana miguu ilikuwa imekufa ganzi na mkono mmoja haushiki kikombe. Wangeirudisha mifupa kwenye mstari wake, wachukue kipande kidogo cha mfupa wa nyonga wakiweke katikati, kisha waishikilie kwa kibamba cha chuma na skrubu hadi iungane yenyewe.

Arupe alipozinduka, daktari alimwambia asogeze vidole vya miguu. Vikasogea. Nakwawi alivitazama kwanza, kisha akamtemea mke wa mwanawe mate ya baraka kwenye paji la uso. Daktari akacheka, akauliza kama na yeye hastahili. Akatemewa.

Walirudi Kakuma na kola ngumu ya plastiki na masharti mengi. Arupe asiinamishe shingo, asibebe kitu kichwani, akilala ageuzwe mabega na kiuno kwa pamoja kama gogo. Jua la Kakuma halikuijali kola hiyo. Jasho lilimtiririka ndani, ngozi ikamwasha, na kila jioni Nakwawi alimlaza chali, akaifungua upande mmoja, akapitisha kitambaa chenye maji kisha kikavu, akafunga, akaenda upande wa pili. Alimlisha uji. Alimwosha miguu ambayo Arupe mwenyewe hakuweza kuitazama. Mtu akimsalimia "Ejok?" kutoka kando, Arupe ilimbidi ageuke mwili mzima kujibu, na wanawake wa bombani wakampa jina la Afande, maana alisimama kama askari wa gwaride. Alicheka pamoja nao. Nguvu za mkono zilikuwa zinarudi, na mwezi wa kwanza wa 2013 aliweza kutembea hadi kwa Agot na kunywa chai kwa kutumia mrija.

Ila utani mwingine haukumchekesha. Shingo yake chini ya kola ilikuwa tupu na kila mtu alijua. Binamu mmoja wa Losike alikuja akaketi, akazunguka maneno, mwisho akasema kwamba kuna habari za mapigano kule juu mpakani, na kwamba mke anayekaa bila shanga anamchimbia mumewe kaburi. Likimpata Losike lolote, alisema, ukoo utajua pa kuuliza.

Arupe hakulala vizuri tangu siku hiyo. Nakwawi alikuwa amezitunga upya shanga zote na kuziweka kwenye kopo. Mchana mmoja mama huyo alipokwenda kuteka maji, Arupe alifungua kola, akazivaa shanga safu kwa safu. Alitaka tu kukaa nazo kidogo, Losike azipate huko aliko. Zilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Shingo iliyokwisha kusahau kazi ikainama mbele, na ghafla ganzi ikamshuka kutoka begani hadi kidole kidogo kama maji ya moto. Nakwawi alirudi akamkuta ameketi amekauka, anaogopa hata kuita. Hakumgombeza. Alimlaza chini alivyofundishwa, akazivua shanga, akafunga kola.

Asubuhi walikwenda Lodwar. Kusubiri picha kulikuwa kurefu kuliko safari yenyewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa Kalemng'orok aliyekuwa akimwona Arupe kila mwezi, aliiinua filamu dirishani. Mifupa ilikuwa bado kwenye mstari, skrubu hazijasogea, ganzi ingepungua. Halafu akauliza shingo ilipata nini, na Nakwawi akamwambia yote, mpaka maneno ya binamu.

Kijana hakuwacheka, kwa kuwa mama yake pia alivaa shanga. Aliwaambia kwamba mfupa ule ni kama ukuta ambao simenti yake haijashika: leo umesimama, lakini ukiuegemea utaanguka, na safari hii huenda miguu isirudi. Shanga zisubiri mpaka yeye atakaposema. Arupe alisema, kwa sauti ndogo, kwamba afadhali apoteze miguu yake kuliko mume wake.

Walipofika nyumbani Nakwawi aliliomba lile kopo. Alikaa mlangoni, akazivaa shanga za Arupe moja baada ya nyingine shingoni kwake, mwanamke ambaye mumewe alizikwa Losike akiwa bado hajang'oka meno ya utoto. Arupe alimsihi aache, watu watamsema.

"Wana kiu ya kusema," alijibu. "Mimi nimezeeka, maneno hayanipandi. Shanga za nyumba hii zitaonekana shingoni kwa mtu aliye hai. Wewe pona."

Na walimsema kweli. Bombani waliuliza Mama Losike anatafuta bwana gani. Aliwajibu kwamba wakimwona mwenye ngamia wengi na meno machache wamlete haraka. Binamu alirudi na maneno makali zaidi, kwamba mjane kuvaa shanga ni kumtukana marehemu. Nakwawi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba marehemu alikuwa mume wake yeye, wakikutana watazungumza wenyewe. Kila siku alikwenda nazo sokoni, kanisani, hadi kambini, uzito umemwinamisha mgongo, na kila jioni aliendelea kupitisha kitambaa ndani ya kola. Arupe hakuigusa kola tena.

Losike aliingia uani siku chache kabla ya uchaguzi wa mwezi wa tatu, watu walipokuwa wakirejea kupiga kura. Alikuwa mwembamba, mzima. Alimtazama mkewe mwenye kola, akamtazama mama yake mwenye shanga, akauliza kama mama ameolewa yeye akiwa malishoni.

"Nilikuvalia wewe," Nakwawi alisema. "Mke wako alikuwa na kazi nyingine shingoni."

Losike aliketi chini akaelezwa. Jioni hiyo ni yeye aliyefundishwa kufungua kola upande mmoja na kupitisha kitambaa. Binamu alipokuja kumsalimia, alimkuta kwenye kazi hiyo, akanywa chai, akazungumzia kura.

Mfupa uliungana. Yule kijana wa Lodwar alisema hivyo mwezi wa tano, akaitupa kola kando, akamruhusu Arupe safu chache nyepesi na akamkataza mzigo kichwani maisha yake yote. Nakwawi alizivua shanga palepale kwenye benchi la hospitali, akasugua shingo yake, akaomba maji ya kunywa.

Nakwawi alifariki mwishoni mwa mwaka huo huo, kwa homa, mikononi mwa Arupe. Siku ya maziko watu walimwambia Arupe akae, wengine watatupa udongo kwa niaba yake. Hakukaa. Alipiga magoti kama alivyofundishwa, mgongo wima na shingo imenyooka, akateremka polepole mpaka kiganja kikafika ardhini, akachota. Mkono ulishika vizuri. Akasema "Alakara nooi, mama," asante sana, na akaachilia udongo ukaenda.