Maji ya Moto Mnazini kwa Sitara

Kwa! Kidaka kingine, kinazi kichanga, kiliangukia paa la jiko, paa la madebe yaliyokunjuliwa, na Zamda akajidunga sindano kidoleni. Alikinyonya kidole ili damu isiichafue kofia aliyokuwa akiishona, akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Mwinyimvua alikuwa ameketi uani, bakuli la uji mkononi, na uji wenyewe ulikuwa umeshamshinda.

"Nitaukata," alisema. "Hiki kipupwe kikiisha nitaukata, Zamda, na usinisemeshe."

Alikuwa anausema mnazi. Na jamani, haukuwa mnazi wa hivi hivi! Enzi hizo za Mwingereza Kariakoo ilikuwa bado na minazi tele katikati ya nyumba, mingine haijulikani hata nani aliipanda. Huu waliupanda wenyewe, siku kitovu cha binti yao kilipodondoka. Walikizika pale uani, juu yake wakaweka nazi iliyochipua, na tangu hapo mti ukawa wa Sitara, si wa baba wala si wa mama. Mkwezi akija kuangua, lazima mtu asimame shinani aseme, "Sitara, hodi!" ndipo apande. Mtoto mwenyewe alikuwa akiitikia kutoka ndani, "Karibuni!" halafu anacheka mpaka anapaliwa.

Mti ulianza kuzaa wakati meno yake ya mbele yanang'oka. Hakuufaidi sana. Homa ilimchukua masika yaliyofuata, na tangu siku ile ya mazishi Mwinyimvua hakulitamka tena lile jina. Rafiki zake bandarini wakimwita Baba Sitara, hageuki. Ilibaki kazi ya Zamda kupiga hodi shinani, naye alipiga, ingawa hakuna aliyeitika.

Sasa mti ulikuwa unamwaga vidaka. Vinatoka vizuri, vinafikia ukubwa wa ngumi ya mtoto, halafu kwa! Hakuna hata kimoja kilichofika kuwa dafu.

"Kila kinapodondoka naona kama tunamzika upya," alisema Mwinyimvua. "Bora nizike mara moja."

Shoka lilikuwa limeshanolewa, limeegemezwa mlangoni pa choo. Mti ule ukianguka, hakuna kitu kingine chochote duniani ambacho Sitara alikuwa anakimiliki. Zamda aliinama akashona, machozi yakimtoka bila kwikwi.

Nitawaambia mambo yalianzia wapi, kwa sababu wenyewe hawakujua. Yalianza na Bushiri, mkwezi wa mtaa, mtu wa makelele. Siku moja aliteremka mnazini mbio, shuka karibu limwachie, anajipiga mapaja kama mwenye mapepo.

"Hawa maji ya moto hawa! Wameniuma hadi pasipotajwa! Wachomeni, au tafuteni mkwezi mwingine!"

Maji ya moto, kwa asiyewajua, ni wale chungu wekundu wa mitini. Akikuuma mmoja utadhani umemwagiwa birika, ndipo walipopatia jina. Basi Mwinyimvua akafunga makuti makavu kwenye upondo, akayawasha, akawaunguza wote pamoja na viota vyao, na majirani wakamsifu. Hakuna aliyejali vile visisimizi vya chini vya rangi ya udongo, vyenye vichwa vikubwa kupita viwiliwili, vilivyojaa shinani. Hivyo haviumi sana. Nani atavishughulikia?

Asubuhi moja Zamda alimpelekea Bi Saadiya kofia zilizokwisha. Bi Saadiya alikuwa mke wa Ubeid, Mwarabu mwenye duka Mchafukoge aliyekuwa akiuza kofia za Zamda, na nyumba zao zilipeana mgongo. Ua wa makuti tu ndio uliozitenga. Nyuma ya ua ule Bi Saadiya alikuwa na mpera mkubwa uliojaa maji ya moto mpaka unatisha.

"Shoga, hawa mbona hamjawachoma?" Zamda aliuliza.

"Uvivu tu, mwenzangu. Ubeid huwaogopa, mimi huwapisha. Mapera yakiiva yanaanguka yenyewe, tunaokota."

Bi Saadiya akaingia ndani kutengeneza kahawa. Zamda akasogea karibu na tawi la chini, na hapo ndipo alipoona jambo lililomfanya asahau kahawa, asahau kofia, asahau hata kupumua vizuri.

Wale chungu walikuwa wanashona!

Wallahi, walikuwa wanashona. Mstari mzima wao ulikuwa umeng'ata ukingo wa jani, miguu imeshika jani jingine, wanavuta kwa pamoja mpaka majani mawili yakakutana. Pale ambapo mwanya ulikuwa mpana, mmoja alimshika mwenzake kiunoni, naye akashikwa na mwingine, wakawa mnyororo. Kisha wakaja wengine kutoka ndani ya kiota, kila mmoja amebeba mtoto mdomoni, kitoto cheupe kisicho na miguu. Wakawa wanamgusisha yule mtoto jani la huku, kisha jani la kule, huku, kule, na mdomoni mwa mtoto ulikuwa unatoka uzi mweupe mwembamba kuliko hariri.

Zamda alikuwa ameshona kofia tangu utotoni. Alijua mkono mzuri akiuona. Alijikuta amechuchumaa chini ya mpera anasema peke yake, "Subhanallah. Subhanallah. Nani kawafundisha?"

Na hakuwa amemaliza kustaajabu. Juu ya tawi lile lile chungu kadhaa walikuwa wamemkamata mdudu wa kahawia, mwembamba, mwenye mdomo kama sindano. Walikuwa wamemvuta miguu kila upande mpaka ametanuka. Mdudu yule Zamda alimjua. Alikuwa amemkuta kwenye vidaka vilivyoanguka, mara nyingi, kando ya kitobo chenye utomvu uliokauka.

"Mama yangu!" alisema, akashika kichwa. "Tulichoma walinzi wa mtoto!"

Kahawa hakuinywa. Alitafuta kamba ndefu ya usumba, akafunga upande mmoja kwenye mpera, upande wa pili akaupitisha juu ya ua, akaufunga kwenye mnazi wake. Bi Saadiya alicheka, lakini alimshikia ngazi. Na haikuchukua muda, chungu mmoja akatokeza kambani kuchungulia, akarudi, akaja na kundi. Kufika mchana kamba yote ilikuwa nyekundu, inatembea.

Lakini wee! Wale wa kwanza walipougusa mnazi, vile visisimizi vya chini vilipanda shina kwa maelfu. Maji ya moto mmoja alivamiwa na ishirini: wawili kila mguu, wengine kwenye pembe, wanamvuta mpaka anakatika. Zamda alipiga magoti, akatoa sindano yake kifuani, akaanza kuvidungua kimoja kimoja. Vilipanda zaidi. Alidungua huku akilia kwa sauti.

Hivyo ndivyo Mwinyimvua alivyomkuta alipotoka bandarini.

"Una wazimu, mke wangu?"

Zamda alimweleza yote huku kamasi zikimtoka: ushonaji, mdudu mwenye sindano, moto wa makuti. Mwinyimvua hakutaka kusikia habari ya moto. Aliinama amwinue mkewe, na macho yake yakatua kwenye shina. Pale palikuwa na maji ya moto mmoja aliyebeba mtoto mdomoni. Miguu miwili ilikuwa imeshakatwa, sisimizi wamemng'ang'ania tumboni, na bado alikuwa anapanda. Alianguka, akajiinua, akapanda tena. Mtoto hakumwachia.

Mwinyimvua akachuchumaa karibu na shina.

"Hamwachi," alisema polepole. "Zamda, ona. Anakufa na bado hamwachi."

Kisha akainuka akaenda kuchukua shoka. Zamda alijua ndiyo basi. Lakini Mwinyimvua aliupita mnazi, akafika kwenye magogo ya kuni, akaanza kuyapasua kwa nguvu mpaka vipande vinaruka ukutani.

"Bandika sufuria!" alipiga kelele. "Kubwa! Na kopa nyingine kwa jirani!"

Walimwaga maji yanayochemka kwenye mashimo ya sisimizi mpaka udongo ukatoa mvuke. Walizungushia shina kitambaa kilichopakwa ulimbo wa fenesi, chini ya pale kamba ilipofungwa, ili visisimizi vya chini visipande. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mwinyimvua alikagua ulimbo wake, na visisimizi vikiibuka upya, maji jikoni. Hawakugusa mafuta ya taa, wasije wakaudhuru mti. Juu, maji ya moto wakaanza kuvuta makuti na kushona.

Kipupwe kikaisha, upepo wa kusi nao ukachoka, ikaja kaskazi na vumbi lake. Wote wawili walikuwa wakinyamaza ghafla katikati ya maneno, kusikiliza paa la jiko. Paa lilikuwa kimya. Vidaka vikawa vitale, vitale vikawa madafu, na shoka likabaki la kuni.

Bushiri akaitwa. Alipowaona chungu alirudi nyuma hatua nzima.

"Nipande na hawa hawa?"

"Na hawa hawa," alijibu Mwinyimvua. "Jipake majivu, na kiota usikiguse, nisije nikakukosea adabu."

Zamda alikuwa kwenye mlango wa jiko, akajifuta mikono aende shinani kupiga hodi kama kawaida. Mumewe alimzuia kwa kutikisa kichwa. Akasogea mwenyewe, akaweka kiganja kwenye shina, juu kidogo ya ule ulimbo. Maji ya moto wakampanda mkono. Wakamuuma. Hakuwakung'uta.

"Sitara," alisema. "Sitara, mwanangu. Ni baba. Hodi."

Bushiri akavua kofia. Makuti yalichezacheza juu, mtaa mzima uliendelea na kelele zake, na uani hakuna aliyethubutu kusogea. Mwinyimvua alisimama pale pale, mkono mwekundu kwa chungu, anangoja.

"Karibuni!" Zamda aliitikia kutoka jikoni, na hapo ndipo Mwinyimvua alipolia.