Povu la Irine

Homa ya mdogo wangu Irine iliposhuka, nyumbani Sindo walichinja kuku wakaimba. Mimi nilianza kuogopa siku hiyo. Nilikuwa nimemuuguza wodini Homa Bay, malaria ikiwa imempanda kichwani, na daktari Momanyi hakunificha: "Ubongo wake ulivimba. Uvimbe umeisha, lakini pengine umeacha kovu. Kovu hilo likianza kumsumbua, ataangushwa na kifafa. Akianguka, mlaze ubavu. Mate yake hayaambukizi mtu."

Nilimweleza Rispa, shangazi aliyetulea na kunisomesha hadi diploma. Alicheka. "Malaria ni ya mbu, kifafa ni cha ukoo. Kwetu hakuna."

Tangu hapo nikawa namchungulia Irine. Kijiko kikimponyoka, niliacha kazi nikamtazama mkono. Akinyamaza katikati ya maneno, nilimwita jina. Masika yakapita salama, nikaanza kujipa moyo.

Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na sita tulikuwa ziwani na shangazi na wanawake wengine, tukisuuza omena, dagaa wa ziwa letu.

"Irine, unaisuuza au unaibatiza?" Caren, jirani yetu, alimtania.

Irine alifungua mdomo kumjibu. Mdomo ulivutika upande mmoja, mkono ukaanza kupigapiga maji, kisha akaanguka kifudifudi.

Wote walikimbilia nchi kavu, mabeseni yakabaki yakielea. Wanasema povu la kifafa likikugusa, ugonjwa ni wako. Maji yaliishia magotini, na mdogo wangu alikuwa anazama.

Nikamshika makwapani. Shangazi akarudi majini, lakini alinivuta mimi, si Irine.

"Mwache, Mourine. Utaniletea wagonjwa wawili."

"Niachie, shangazi."

Hakuniachia. Uso wa Irine ukarudi majini. Nikamzaba shangazi kofi, akakaa kitako kwenye matope. Nikamburuta Irine hadi mchangani, nikamlaza ubavu, nikampangusa povu kwa kiganja. Hakupumua. Nilimwita na bado hakupumua. Kisha akakohoa maji.

Jioni wanawake wa kanisa walijaa sebuleni. Irine alikuwa amelala mapajani mwangu.

"Diploma ndiyo iliyokufundisha kupiga mama zako?" shangazi aliuliza, shavu limevimba. "Niombe msamaha mbele ya hawa, tuyamalize."

Kidole cha Irine kilishtuka mkononi mwangu. Nikakibana, nikangoja. Kikatulia.

"Siombi," nikasema.