Miaka Ishirini ya Krina

Jumamosi ile mwanangu Marinus alikuja kunichukua kijijini Yerseke asubuhi, yeye na binti yake Fenna. Akasema tunakwenda kwao Rotterdam kutembea tu, bila haraka. Nikamwambia sawa, ila nina jambo moja, nataka kufika kwenye kaburi la Krina. Akasema, "Tutaona, Mama, siku ni ndefu."

Krina alikuwa kifungua mimba wangu. Alifanya kazi ya uuguzi Rotterdam, akaugua hukohuko, akafa ana miaka thelathini na mmoja. Alitaka azikwe hukohuko, karibu na wenzake. Mimi na baba yao, Izaak, tulikuwa tunakwenda kila siku yake ya kuzaliwa. Izaak akafa, kisha nyonga yangu ikavunjika, ikawa miaka sita sijafika. Lakini kila mwaka, siku ile, Marinus alinipigia simu. "Nimepita kwa Krina, Mama. Nimeng'oa majani. Pasafi kabisa." Mimi nilikuwa nakaa jikoni nikiiona mikono yake ikifanya kazi ile, moyo ukatulia.

Sasa nina miaka themanini na mbili. Nilitaka kulitazama mara moja tena kwa macho yangu. Sikuwa na haja nyingine mjini.

Tulianzia sokoni. Fenna akamnunulia kila mtu samaki wa chumvi na vitunguu, tukawashika mkia na kuwala tumesimama.

"Bibi, leo umependeza," akasema. "Unatafuta mchumba?"

"Nilimpata mmoja akanitosha miaka hamsini."

"Basi mtafutie Baba. Tangu aachane na Mama anaongea na mashine ya kufulia."

"Inanijibu vizuri kuliko wewe," Marinus akasema. "Kula."

Nikacheka mpaka vitunguu vikanipalia. Nilipomaliza nikasema, "Marinus, twende sasa."

"Tupande boti kwanza, Mama. Upepo leo ni mzuri."

Tukapanda boti. Ilikimbia vibaya, Fenna akanishika kama mzigo wa mayai. Tuliposhuka nikasema tena, "Twende."

"Njaa inaniuma, Mama. Tule chipsi."

Nikangoja. Kungoja nakujua. Nilikuwa darasa la nne mafuriko yalipomchukua mama yangu, nikaacha shule nikalea wadogo zangu wanne, na mtoto asiyetaka kula huwezi kumharakisha. Basi nikamtazama Marinus. Alikuwa amenunua sahani kubwa yenye mayonezi juu, na hakugusa hata kipande kimoja. Mtu huyu tangu utoto hajawahi kuacha chipsi.

"Fenna," nikasema, "huko makaburini ni mbali?"

"Tramu moja tu, Bibi. Si ni karibu na kwetu?"

"Jumamosi wanafunga mapema," Marinus akasema.

Fenna akatazama simu yake. "Mpaka saa kumi na moja, Baba. Imeandikwa hapa."

Marinus akazitupa chipsi zote kwenye pipa, tukaenda.

Njia ya mle ndani naijua. Unafika kwenye bomba la maji, unakwenda kushoto, safu ya tatu, kaburi la nne. Nikahesabu. Pale pa nne palikuwa na jiwe jipya jeusi la mwanamume nisiyemjua, na maua mabichi juu yake. Nikarudi bombani nikahesabu upya, labda uzee. Fenna akanisomea majina ya safu nzima, kisha safu ya pili, kisha ya nne. Marinus alibaki palepale bombani.

Mtunza makaburi akaja na toroli lake. "Unamtafuta nani, mama?"

Nikamtajia jina. Akavua kofia.

"Miaka yake ishirini ilikwisha, mama. Tuliandika barua. Tukaweka na kibao kaburini, jamaa wafike ofisini kama wanataka aendelee kukaa. Kilikaa mwaka mzima, hakuja mtu."

Kwamba huku kaburi hukodishwa kwa miaka, ikiisha bila kulipiwa huondolewa, hilo nalijua. Karatasi zote alikuwa anashika Izaak, na alipokufa alizichukua Marinus.

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Mifupa tuliihamisha, mama, iko pamoja na ya wengine. Kule nyuma, penye majani."

Tulikwenda. Ni uwanja mdogo umezungushiwa ua wa miti, majani yamekatwa sawasawa. Hakuna jina. Sikujua nitazame wapi, nikatazama pote.

Marinus akaja akasimama nyuma yangu. "Barua ilikuja wiki ile tuliyomzika Baba," akasema. "Niliitia kwenye droo, nikasema kesho. Sikuweza, Mama. Nilipokuja kuangalia, jiwe halipo."

"Na majani uliyokuwa unayang'oa?"

Akageuka akatazama langoni.

"Marinus. Ukinipigia, ulikuwa wapi?"

"Kwenye gari. Naegesha hapo nje, langoni. Nakaa kama nusu saa, halafu nakupigia."

Fenna akaanza kulia, akamwambia baba yake, "Ulimdanganya Bibi," akasema mara mbili. Nikamwambia anyamaze, siyo hapa.

Sikumgombeza Marinus. Nilitafuta hasira na sikuiona. Niliona tu miaka ile jikoni kwangu, jinsi nilivyokuwa nimeshiba kwa kitu ambacho hakikuwepo. Mtoto wangu nilimzaa peke yake, nikamzika peke yake, na sasa sitampata tena peke yake.

Nikavua viatu, nikaweka miguu kwenye majani. Yalikuwa baridi. Nikatembea polepole uwanja wote, kutoka ua mpaka ua, safu kwa safu kama mtu anayepiga deki, nisije nikaruka mahali alipo. Fenna alinishika mkono. Ilichukua muda, na Marinus alisimama akishika viatu vyangu.

Mtunza makaburi alikuja langoni na funguo zake. Alituona, akarudi akakaa kwenye toroli, akatuacha tumalize.