Njiti Chini ya Soja

Nilifanya kazi miaka sita kwenye meza ya pili ya kiwanda kimoja cha plastiki, Eneo la Viwanda, Thika. Tulikuwa tukiunganisha mipira ya dripu, ile myembamba inayotoa maji kwenye chupa na kuyapeleka kwenye mshipa wa mgonjwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kupima soja.

Kwenye karatasi za kiwanda iliandikwa vali ya usalama. Sisi wanawake wa mezani tuliita soja, kwa sababu ilikaa pale kama soja wa geti. Ni kibano kidogo cheupe chenye springi, hakizidi kucha ya kidole gumba. Mpira ukiwa ndani ya ile mashine ya hospitali inayohesabu matone, mlango wa mashine humsukuma soja, naye huachia maji yapite. Mpira ukitolewa kwenye mashine, soja huubana papo hapo. Mtu anaweza kusahau kufunga kile kigurudumu cha mkononi, lakini soja hasahau. Aliwekwa hapo kwa ajili ya mtu anayesahau.

Ili tumpime ilibidi kwanza tujaze mpira maji, na soja akiwa amebana maji hayapiti. Kwa hiyo tulivunja njiti ya kiberiti, tukaingiza kipande chini ya springi, soja akaachia. Tulikuwa tukisema, "Mlaze soja." Maji yakishapita na mapovu yakiisha, tulichomoa njiti, tukaning'iniza chupa kwenye msumari na kuhesabu. Tone likidondoka, mpira unaenda kwenye ndoo nyekundu.

Sheria ilikuwa kuhesabu hadi ishirini. Mimi nilihesabu thelathini na tatu kwa tasbihi ya marehemu mume wangu, Adan. Subhanallah moja, sekunde moja. Manubhai, msimamizi wetu, alikuwa akisimama nyuma yangu mikono kiunoni.

"Bi Zubeida, unapima au unaswali?"

"Yote mawili, bosi. Mshahara ni mmoja."

Alicheka akaondoka. Hakunikataza, maana mipira yangu haikuwahi kurudishwa.

Nyumbani ilikuwa Gatongora, upande wa Ruiru. Nilikaa na binti yangu Firdaus, mume wake Yusuf, na mtoto wao Kulthum, ambaye mwaka ule wa tisini na tisa alikuwa na miezi kumi na mmoja. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukingo wa kiti. Akishaachia mkono, anatuangalia kwanza kama tumeona.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Syokau, msichana wa Kikamba, muuguzi katika hospitali ndogo ya watu binafsi pale Ruiru. Hakuwa na mama, na mimi aliniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Jumapili akiwa hana zamu alikuja kunisaidia kuchambua mchele, akinichekesha na mambo ya matroni wao.

Jumapili moja alikuja na mpira wetu mkononi, ndani ya karatasi yake bado.

"Mwaitu, hii kitu yenu ina kiburi," akasema. "Stima ikipotea mashine inazima. Nataka maji yashuke yenyewe kama zamani, hayashuki. Nimefungua gurudumu lote, wapi. Mgonjwa ananiangalia, mimi naangalia chupa."

Mwaka ule stima ilikuwa ikipotea kila mara, mara nyingine mchana kutwa.

"Huyo ni soja," nikamwambia. "Umemkuta kazini."

"Sasa anazuia hadi mwenye nyumba?"

Nikacheka. Nilifurahi, nakiri. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa namfundisha muuguzi wa cheti. Nikachukua kiberiti pale jikoni, nikakata njiti kwa meno, nikaipachika chini ya springi. "Hivi tu. Umemlaza. Sasa ongoza matone kwa gurudumu lako, kama zamani."

Akajaribu yeye mwenyewe mara tatu. Firdaus alikuwa mlangoni akimnyonyesha mtoto, akasema, "Mama atafungua chuo sasa."

Nimeirudia Jumapili hiyo kichwani mara nyingi. Natafuta mahali niliposema, "Ukimaliza, itoe." Sijapata. Pale kiwandani hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake atoe njiti, kwa sababu usipoitoa maji yanakumwagikia mapajani na huwezi kuanza kuhesabu. Meza yenyewe ilitukumbusha. Miaka sita sikuwahi kulisema neno hilo, na siku ilipohitajika lisemwe halikuwa mdomoni mwangu.

Kulthum alianza kuhara siku ya Jumanne. Kufikia Alhamisi asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Yusuf akambeba, tukaenda wote hospitalini kwa Syokau. Tulimchagua Syokau. Tulisema, heri mahali tuna mtu wetu.

Daktari aliandika maji polepole, chupa moja ifike hadi jioni, kwa sababu mtoto ni mdogo. Syokau alipata mshipa mara ya kwanza. Akafunga mpira kwenye mashine, matone yakaanza. Yusuf akaenda kazini. Firdaus, ambaye hakuwa amelala siku mbili, nilimlazimisha ajilaze kwenye benchi la nje. Mimi nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Kukaa na kuangalia ni kitu ninachokijua.

Saa nne stima ikapotea. Mashine ikapiga kelele ikazima. Syokau akaja mbio, akautoa mpira, akachukua kiberiti mfukoni. Nilimwona akikata njiti kwa meno, sawasawa na nilivyomwonyesha. Akaipachika, akaongoza gurudumu kwa kidole huku akiangalia saa yake, tone baada ya tone. Akanikonyeza jicho. Nami nikaitikia kwa kichwa kumwambia vizuri.

Baada ya saa moja na nusu hivi stima ikarudi. Akaurudisha mpira ndani ya mashine, akafungua gurudumu lote kama mashine inavyotaka, akafunga mlango. Njiti ikabaki ndani. Mimi mpima soja nilikuwa pale, hatua moja. Nilikuwa nikimwangalia mtoto. Alikuwa amefungua macho na kushika kidole changu, na nilimshukuru Mungu, wala sikuangalia pengine.

Adhana ya adhuhuri ilipofika nikamwambia Syokau naenda kuswali hapo barazani. Akasema, "Nenda, Mwaitu, mimi niko."

Aliyotenda baada ya hapo alinisimulia mwenyewe. Mtoto alichafua nguo. Ili ambadilishe, ilibidi mpira utoke kwenye mashine, upite kwenye mkono wa gauni. Akaufungua. Gurudumu hakuligusa, kwa sababu alijua soja atabana. Wakati huo huo mwanamke wa chumba cha kujifungulia akapiga ukelele, mtoto anatoka, na hakukuwa na mwingine. Akakimbia. Alidhani anaacha soja macho.

Niliswali rakaa nne na sikuharakisha. Nilikuwa na mengi ya kushukuru.

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichoona ni chupa. Ilikuwa ya kufika jioni, na ilikuwa tupu, imebaki kidole kimoja chini. Niliukunja mpira kwa mikono miwili kabla sijaita mtu. Uso wa Kulthum ulikuwa umejaa. Pumzi yake ilikuwa na maji ndani, na povu jembamba lilikuwa kwenye midomo. Nikaita. Wakaja, daktari akaja, wakamchoma sindano, wakamwinua, wakamfyonza povu kwa mpira mwingine. Firdaus aliamka kwa sauti yangu. Kabla ya alasiri walikuwa wamemfunika.

Katikati ya hayo yote nilifanya jambo moja. Niliichomoa njiti chini ya soja, nikaifunga kwenye pindo la leso yangu. Nimejaribu kusema kwamba nilifanya bila kufikiri. Si kweli. Nilifikiri haraka sana. Nilifikiri: Firdaus akiiona atakumbuka Jumapili ile mlangoni.

Tulimzika kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Kaburi la mtoto ni dogo hivi kwamba wanaume wawili tu ndio wanaoweza kulifanyia kazi kwa pamoja.

Siku ya pili ya matanga Syokau alikuja, amefunga kitambaa cha kichwa kwa heshima yetu. Yusuf akasimama mlangoni.

"Rudi ulikotoka."

"Kaka Yusuf, nimekuja kumpa Mama Kulthum pole."

"Pole yako tumeizika jana. Ulimwacha mtoto wangu kama chungu jikoni, ukaenda."

Syokau aliangalia nyuma ya bega lake, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeketi mkekani na leso ile kiunoni, pindo likiwa limefungwa.

Jumanne hospitali ikatuita. Tulikuwa watu watano katika ofisi ya matroni: matroni mwenyewe, ambaye ni mama aitwaye Kamene mwenye miwani ya kamba, Syokau, Yusuf, Firdaus, na mimi. Mpira ulikuwa mezani, juu ya karatasi.

"Vali imejaribiwa," Kamene akasema. "Inabana. Si mbovu. Kwa hiyo lazima kuna kitu kilichoishikilia, na Syokau ameniambia ni njiti. Hiyo njiti hatujaiona. Syokau, jambo hilo halipo katika mafunzo yetu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Uliamka asubuhi ukaota njiti?"

"Nilijitafutia mwenyewe, matroni. Stima ilikuwa inasumbua."

"Unajua ninaandika nini hapa? Nikiandika ulijitungia, cheti chako kinaenda."

"Andika," Syokau akasema.

Yusuf akasema, "Afadhali kiende."

Firdaus alikuwa akimwangalia Syokau vile mtu anavyoangalia ukuta. Nikaona kwamba nikinyamaza, mambo yangebaki hivyo. Binti yangu angekuwa na mtu wa kumchukia, na mtu huyo hangekuwa mimi. Syokau angerudi kwao Machakos bila kazi, akibeba neno langu mdomoni hadi uzee. Zaidi ya Firdaus, ambaye alikuwa bado hajaikumbuka Jumapili ile, hakuna binadamu mwingine aliyejua. Lakini nilikuwa nimeswali mara tano kila siku tangu Alhamisi, na kila nikisujudu pindo lile lilikuwa linanigusa goti.

Nikalifungua. Njiti ilikuwa bado na alama ya meno. Nikaiweka mezani kando ya mpira.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimfundisha nyumbani kwangu. Kiwandani ndivyo tunavyofanya. Na mimi ndiye niliyeitoa siku ile, nikaificha."

Kamene akavua miwani. Syokau akaanza kulia, mara ya kwanza tangu yatokee, akisema, "Mwaitu, Mwaitu, kwa nini."

Firdaus ndiye aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Mama. Siku ile, ulimwambia aitoe?"

"Sikumwambia."

"Ulisahau?"

"Sikuwahi kulijua kama ni neno la kusema."

Akainuka, akapita kati ya viti akatoka. Yusuf akamfuata. Jioni hiyo walihamia kwa dada yake Yusuf, mjini Thika.

Syokau alisimamishwa miezi miwili, kisha wakamrudisha. Kiwandani nilimweleza Manubhai yote bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho. Wiki hiyo hiyo kila njiti ya mezani ilifungwa kwa uzi mwekundu mrefu kwenye mguu wa meza, hakuna inayoweza kwenda mbali, na ndani ya kila katoni kukawekwa karatasi ya Kiswahili: USIMLAZE SOJA. Maneno hayo alinitaka niyaseme mimi, yeye akaandika. Sikusikia nafuu yoyote. Bado ninahesabu thelathini na tatu, na kuna siku tasbihi inafika mwisho nikiwa sijui nimeshika mpira gani.

Firdaus alikuja Jumamosi moja, wiki ya sita, kuchukua vitu vya mtoto. Alibisha hodi bila kuniita Mama. Nilikuwa nimevipanga vyote kwenye beseni, nimevifua, nimevipiga pasi, vimekunjwa pembe kwa pembe. Juu kabisa ilikuwa leso ya kijani aliyombebea mgongoni.

Aliichukua, akaiweka usoni. Akakaa hivyo.

"Umeifua," akasema ndani ya kitambaa.

"Nimeifua, mama."

"Ilikuwa bado na harufu yake. Niliiacha makusudi."

Nilitaka aikute safi, ndivyo nilivyotaka, na sasa nilikuwa nimefua kile alichokifuata kutoka Thika. Aliketi kwenye kizingiti, leso mapajani, akitazama nje. Nikaketi upande wa pili wa kizingiti, nikiacha nafasi katikati. Adhana ya alasiri ilipoita nikataka kuinuka, na mkono wake ukanishika upindo wa gauni. Hakunitazama. Alinishika tu, kwa nguvu, kama anayeogopa kwamba nikienda kuswali nitamkuta hayupo.

Nikabaki pale hadi alipoachia mwenyewe.